Kumzika Mzee Meli

Jumatatu, 16 Juni
Nimemnyoa Mzee Meli, nimempa uji. Nusu kikombe tu. Mwanangu Amina amelala mgongoni mwangu muda wote. Mzee anataka kunyolewa kila asubuhi, ati admirali hafi na ndevu chafu. Nikamwambia hafi. Akacheka, akakohoa. Miaka minne namfanyia kazi hapa Kiwanjani. Zamani meli ishirini za vita za Uingereza zilikuwa chini ya amri yake. Akastaafu, akaja Isiolo kuchimba visima, akabaki. Sasa kijiko kinamshinda.

Jumatano, 18 Juni
Leo ameongea sana. Alipelekwa melini akiwa na miaka kumi na sita, akilia chini ya blanketi wenzake wasisikie. Akapanda cheo, akapanda tena. Meli moja iliungua na vijana wake kumi na mmoja ndani. Aliwataja wote kwa majina, macho makavu. Machozi yalikuja alipomtaja Ruth, binti yake. Alizaliwa yeye akiwa baharini. Aliporudi mtoto ana miezi kumi, kama Amina wangu. Mtoto alipomwona akapiga kelele, akajificha kwa mamake. "Tangu siku hiyo sikuwahi kurudi vizuri," mzee alisema.
Baba Amina yuko Moyale na lori, wiki ya tatu sasa. Nimeogopa Amina naye asije akamkimbia.

Ijumaa, 20 Juni
Ruth amepiga simu! Miaka sita hawajaongea. Atafika Jumatatu. Mzee ameniuliza mara tano Jumatatu ni lini. Nimefua shuka, nimetandika kitanda cha mgeni. Atamngoja. Najua atamngoja.

Jumamosi, 21 Juni
Hakungoja. Alfajiri, nikimpa maji.
Nilimpigia Ruth na Kizungu changu cha darasa la saba. Alilia. Akasema nakuja, nakuja. Nikasema njoo.
Wazee walijaa uani. Mmoja akasema huyu si Mwislamu, apelekwe friji ya hospitali. Mama mkwe wangu akamgeukia. "Miaka kumi na nne mnakunywa chai pamoja, leo unataka alale kwa friji kama nyama? Huna haya wewe?" Wazee wakaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naye. Nikasema azikwe. Kwetu maiti hailazwi usiku, huzikwa siku hiyo hiyo. Wa mbali hukuta kaburi, wanakuja kutoa pole. Nilijua hivyo tu. Chifu akaandika barua ya ruhusa, wanaume wakamwosha, pasta akaomba. Saa kumi jioni tumemaliza. Nilijivunia. Mungu anisamehe, nilijivunia.

Jumatatu, 23 Juni
Ruth amefika. Amebeba nguo za kazi za babake, zile nyeupe za jeshi la wanamaji, zimepigwa pasi. Alikuja kumvalisha.
"Yuko wapi?"
Nikampeleka kaburini. Hakuelewa. Halafu akaelewa. "Nilikuambia nakuja! Nilikuambia!" Mara ngapi sijui. Nilipiga magoti mchangani. Nimemnyima uso wa babake. Mimi, na nilimpenda yule mzee.

Jumanne, 24 Juni
Ruth hajala. Hajaniangalia.
Asubuhi aliuliza ni nani walimwosha. Nikamwita mmoja wao, jirani yetu Abdi, fundi wa pampu. Akavua kofia, akakaa chini, akaeleza. Mimi natafsiri. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Walianza upande wa kulia. Nywele zilikuwa laini kama za mtoto. Mgongoni ana alama nyeusi, kubwa kama kiganja. Ruth akasema hakuijua hiyo. Goti moja halikunyooka, wakaliacha lilivyo, hawakulilazimisha. Akaendelea mpaka vidole vya miguu, kimoja kimoja.
Ruth alikuwa amefumba macho. Nilifikiri amelala.
Akamwambia aanze tena, kutoka kichwani.
Abdi akaanza tena. Nikatafsiri polepole, nisiruke kitu.