Jahomabay

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Rodi Kopany tupo, ingawa nyanya yako bado ni wa kitandani na mahindi yamekauka.

Umeniuliza kama ni uongo kusema unakaa Nairobi na wewe uko Kitengela. Hata mimi nilisema hivyo. Nikiwa kijana, nikichuna majani chai Kericho, niliona haya kutaja Rodi, nikasema natoka Homa Bay mjini. Wenzangu wakaniita Jahomabay, mtu wa Homa Bay, mpaka jina langu likasahaulika.

Siku moja redio ilitangaza kifo cha mzee mmoja, ikimtaka mwanawe Odhiambo wa Rodi Kopany arudi nyumbani haraka. Mimi nilikuwa shambani. Wiki mbili baadaye mwenzangu mmoja alinisimulia tukila, akasema, "Maskini, sijui huyo Odhiambo walimpata?"

Nilikuta udongo wa kaburi la baba umeshakauka.

Wewe sema Nairobi ukipenda. Ila simu yako mara nyingi haipatikani, na kifua changu hakinipi raha siku hizi. Mwambie jirani mmoja tu huko kwamba wewe ni Akinyi wa Rodi.

Babu yako,
Odhiambo