Lenzi Ndefu na Bibi wa Goma

Kaka Deo,

Nakusalimu kwa sababu mama alitulea vizuri, lakini nina hasira na wewe.

"Gisenyi ni ziwa na ndege," ulisema, "beba lenzi ndefu, moja inatosha." Ukaitoa ile fupi kwenye begi langu. Ndege gani, Deo? Mama alinituma nimpigie picha mama yake, na msumari ameshaugonga ukutani. Picha ya simu haitundikwi!

Leo bibi amevuka mpaka kutoka Goma, kaja hapa kwa mama mdogo. Tumekula sambaza, visamaki vya ziwa hili, vya moto, huku mvua ikipiga bati. Kisha wote wakajibana kwenye kochi, bibi katikati. Nikarudi nyuma mpaka nikagota ukutani, lakini lenzi hii inavuta vya mbali, na kwenye kamera naona pua ya bibi na sikio la mjomba tu. Nikamwomba bibi akae peke yake.

Bibi akanikazia macho.

"Picha ya mutu yeye moja iko ya kuweka juu ya jeneza," akasema. "Bon, we unataka kunizika leo?"

Kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Uso wake umejaa pote, kila kunyanzi, macho yanawaka. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile. Nimeifuta mbele yake.

Nakupenda, kaka yangu. Mbusu mama. Na kwenye ule msumari wake tundika lenzi fupi, awe anaitazama.

Mdogo wako,
Neema