Simu za Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Simu tena. Saa nne hadi saa sita, orodha ya Kangema. Watu waliojeruhiwa mikono na mashine za kukatia ng'ombe nyasi. Swali ni lile lile: umerudi kazini? Tangu siku gani? Nikijua siku, naiandika. Asiyepokea siku tatu tofauti, naandika P. Amepotea.

P nyingi leo. Mama Kariuki naye ameingia P. Nilimpenda yule mama. Siku niliyomwandikisha kliniki alinicheka, eti ninaandika kama mtu anayefukuzwa.

Baridi. Mlima haujaonekana wiki nzima.

Alhamisi, 6 Machi
Wafula ameleta fomu kutoka Kangema. Ndiye anayewafundisha wagonjwa wa huko kufungua vidole upya. Kufinya udongo, kusokota kamba, kuokota maharagwe moja moja. Kliniki yake yote ni chumba kimoja. Mtu wa Bungoma, mpole, hucheka kabla hajamaliza sentensi. Leo aliona P zangu akaacha kucheka.

"Madam Wairimu, hawa watu asubuhi wako kwa shamba ya chai. Piga jioni, watashika."

Nilimwambia kuanzia mchana simu ya mradi huwa kwa wenzetu wa utafiti wa kisukari. Ni kweli. Kisha nikaongeza kwamba kila mtu na kazi yake. Hilo halikuhitajika. Alisema sawa, akamaliza chai, akaondoka.

Ningeweza kuwaomba wa kisukari tubadilishane saa. Lakini asubuhi ni ya simu, mchana ni wa hesabu, na saa kumi natoka kazini. Nimezoea.

Jumatano, 19 Machi
Mchoro umetoka. Hesabu hii ilibuniwa kwa ajili ya kufa: mtu ataishi siku ngapi. Sisi tunahesabu siku hadi kurudi kazini. Ni ile ile. Mstari unaanzia juu, na kila anayerudi kazini anaushusha kidogo, kama ngazi.

Mstari wa wagonjwa wa Nyeri mjini, tunaowalinganisha na wa Kangema, umeshuka vizuri. Hawa hawana kliniki ya vidole. Walishonwa, wakafungwa bendeji, wakaenda nyumbani. Wengi wana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba na duka mbele. Wanapokea simu hata wakihudumia mteja.

Wa Kangema umekaa juu kama rafu. Karibu kila aliyepokea simu bado anauguza mkono nyumbani. Maskini Wafula na maharagwe yake.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimepeleka ripoti; kamati ya hospitali inaisubiri iamue juu ya kliniki ya Kangema. Bosi aliitaka leo, ameipata leo.

Kuna dakika nilisita. Wale P. Kanuni ya hesabu yetu ni moja: aliyepotea tunamchukulia kuwa hana tofauti na waliobaki kwenye orodha. Humhukumu. Unamtoa tu kwenye orodha na kuendelea. Nimewafundisha wanafunzi hivyo, kwa chaki, kwa sauti kubwa. Nikakumbuka neno la Wafula. Kuanza simu upya kungekula mwezi mzima. Nikajiambia siku hizi kila mtu mzima anatembea na simu mfukoni.

Nimelala mchana. Usingizi mzuri.

Jumanne, 22 Aprili
Kamati imeamua. Kliniki ya Kangema inafungwa mwisho wa mwezi. Haikuonyesha faida. Maneno yangu hayo, ukurasa wa mwisho wa ripoti. Wafula anarudi kwao. Amepata hospitali ya misheni itakayomchukua.

Alikuja kuaga. Alitupa mkono sisi sote, hata mimi. Aliniachia mkebe wa maharagwe ya mazoezi.

"Achemshe madam. Lakini zitachukua kuni mingi, zimeshikwa na watu wengi."

Tulicheka. Maharagwe yanang'aa kwa kushikwa. Sijui niyaweke wapi.

Ijumaa, 9 Mei
Siwezi kuandika vizuri. Nimeanza ukurasa huu mara tatu.

Mwenzetu wa kisukari hakuja leo. Simu ikabaki kwangu mchana. Saa kumi na nusu, nje mvua, nikitaka tu kufunga faili, nikampigia Mama Kariuki. Mlio wa pili akapokea.

Amerudi kazini tangu shule zifunguliwe Januari. Januari! Anachuma chai kwa mikono yote miwili. Nikamuuliza mbona hakupokea simu zangu zote.

"Ai, si nilikuwa kwa majani. Simu naachanga kwa nyumba, mvua itaiharibu. Halafu jioni naona namba siijui, nikajua ni wale matapeli, sikurudisha."

Nikampigia aliyemfuata. Akapokea. Na mwingine. Nimepiga hadi giza likaingia. Karibu wote wamepokea. Karibu wote wako kwa majani.

Saa nne asubuhi nilikuwa nawapata waliokaa nyumbani tu, na walikaa nyumbani kwa sababu mkono ulikuwa bado. Aliyepona alikuwa shambani, kikapu mgongoni. Nilikuwa nawafuta waliopona. Mmoja mmoja, kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi, 10 Mei
Mama yangu alichuma chai Wamagana miaka yote ya shule yangu. Ada yangu ilitoka kwa majani. Saa nne asubuhi hungempata mama hata kwa mbiu. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mgeni wa Bungoma ndiye aliyekuja kunikumbusha, na nikamwambia kila mtu na kazi yake.

Majuto ni mjukuu, watu husema. Wangu amekuja na mimi sijapata hata mtoto.

Jumanne, 13 Mei
Nimerudia hesabu. Mstari wa Kangema umeshuka kuliko wa mjini. Umeshuka mapema na umeendelea kushuka. Kliniki ilikuwa inafanya kazi.

Nimemwandikia bosi. Sikuficha kitu. Nimeandika "kosa ni langu", nikafuta, nikaandika tena.

Ijumaa, 23 Mei
Jibu. Wanashukuru kwa uangalifu wangu. Uangalifu! Jambo litaangaliwa tathmini ijayo. Chumba tayari ni stoo ya magodoro, na mtaalamu ameshaondoka.

Bosi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 3 Juni
Nimeenda Kangema. Sikuambiwa niende. Nilifika kituo cha majani ya chai alasiri, wakati wa kupima. Mama Kariuki alikuwa kwenye foleni. Kidole cha shahada kimeishia katikati, vingine vinafanya kazi. Alinishika mkono kwa nguvu makusudi, nisikie.

Kisha akamwita jirani yake, Gathoni. Msichana mdogo tu, mtoto mgongoni. Mashine ilimkata wiki tatu zilizopita. Alishonwa na kuambiwa arudi nyumbani. Alifungua kitambaa. Jeraha limefunga vizuri. Vidole vimekunjika ndani na havifunguki.

"Wafula ako wapi?" Mama Kariuki aliuliza. "Nilimleta huyu, tukapata mlango iko na kufuli."

Nilisema alihama. Ndivyo nilivyosema. Alihama, kama vile mtu aliamka tu akafunga virago.

Mama Kariuki alisema basi yeye mwenyewe atampa udongo afinye. Nilimzuia. Niliwahi kumsikia Wafula akisema kwamba mshipa ulioshonwa ukivutwa kabla ya wakati wake unakatika tena. Wakati wake ni lini? Sijui. Nina fomu zake zote, kila mgonjwa, kila tarehe, na sijui. Gathoni alininyooshea ule mkono kwa sababu nimetoka hospitali. Niliushika. Nilikuwa na aibu ya kuuachilia.

Nikamwambia Mama Kariuki ukweli. Kwamba ni mimi. Akasema foleni inasonga, akainua kikapu chake. Hakunicheka.

Nimemwahidi Gathoni nitauliza.

Jumatano, 4 Juni
Sijampigia Wafula. Namba ninayo. Nilipanga fomu, nikanoa penseli, nikafuta meza. Nitamwambia nini kwanza, habari ya msichana au habari yangu? Kila siku ninayoona aibu, vile vidole vinazidi kukaza. Hesabu hiyo haihitaji mchoro.

Maharagwe yako dirishani.

Alhamisi, 5 Juni
Habari ya msichana kwanza. Nimeamua.

Nilimpigia Wafula saa nne asubuhi. Simu ililia hadi ikakatika. Kalamu ilikuwa mkononi, tayari kuandika P, nikaiweka chini.

Yuko kazini.