Karatasi ya Mgongoni mwa Mlango

Jumatatu, 3 Februari
Sare mbili nimemaliza kushona, moja bado vifungo. Mvua asubuhi, jua kali mchana. Shukuru karudi shule akapitiliza jikoni, hata viatu hajavua. Kala kiporo bila kukipasha. Kila siku ndiyo hivyo. Januari wazazi wote tulipeleka mahindi na maharage ili watoto wapikiwe makande. Mpaka leo hakijapikwa kitu. Mwalimu wake anasema kipindi cha mwisho mtoto anasinzia. Mtoto wa darasa la nne anasinzia kwa njaa, na mahindi yamelala stoo. Nimekasirika. Kesho naenda.

Jumanne, 4 Februari
Nimeenda. Mwalimu mkuu mpole, kanipa kiti. Kasema suala la chakula liliamuliwa na kamati ya shule, nimwone mwenyekiti. Nikapanda bodaboda kumfuata shambani kwake Mwamkulu. Mzee Lubeni naye mpole. Kanichomea mahindi. Kasema muhtasari wa kikao uko kwa mwalimu mkuu. Nimerudi nimeshiba mahindi, sijui lolote.

Shida yangu, Mzee Lubeni siwezi kumchukia. Ndiye aliyemwoza binti yake Desemba, Kawajense yetu nzima tukala pilau.

Alhamisi, 6 Februari
Tena kwa mwalimu mkuu. Kasema muhtasari umebandikwa humo humo ofisini, kila mzazi ana haki ya kuusoma. Nikaangalia kuta zote. Kalenda. Ratiba ya vipindi. Ramani ya Afrika iliyochanika. Muhtasari hakuna. Nikaaga.

Natoka tu, nikaona kona ya karatasi inachungulia kati ya mlango na ukuta. Wameibandika mgongoni mwa mlango! Na mlango umefunguliwa mpaka ukutani, umewekewa jiwe. Nimecheka njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakasirika upya.

Jumatatu, 10 Februari
Leo nimemwambia wazi: mwalimu, naomba ufunge mlango nisome. Akashtuka. "Mama Shukuru, nijifungie ofisini na mke wa mtu? Kesho nyie wenyewe mtanisema." Nikasema basi auvute kidogo. Eti bawaba mbovu.

Ana hoja, nakiri. Mtaa huu naujua. Usiku nikamwomba Baba Shukuru anisindikize, tufungiwe wote wawili. Kacheka mpaka kijiko kikamponyoka. Kasema kesho ana abiria wengi wa bajaji.

Jumatano, 12 Februari
Sikwenda. Nimeshona suruali moja, mguu mmoja nimeugeuza ndani nje. Nawaza mlango tu. Shukuru kiporo.

Alhamisi, 13 Februari
Nimesoma!

Mchana wingu zito, upepo unavuma kuelekea shule. Nikakumbuka ile ofisi inatazama upande upi. Nikaiacha cherehani na kitambaa juu yake, mbio. Nimefika na matone ya kwanza, nikamsalimia mwalimu mkuu, nikakaa. Mvua ikaja ya ubavu. Walimu wawili wakaingia wanakimbia, wameloa. Maji yakaanza kupiga mafaili. Mwalimu mkuu kaniangalia. Kayaangalia mafaili. Kisha akalisukuma jiwe kwa mguu, mlango ukafunga.

Bati linapiga kelele, hakuna anayemsikia mwenzake. Nikasogea nikasoma. Chakula cha mchana kitaanza pindi sufuria kubwa la shule, lililoazimwa na Mwenyekiti kwa harusi ya binti yake na kutobokea huko, litakapozibwa.

Nimerudia mara mbili. Kumbe hakuna mwizi. Ni aibu tu, wamemsitiri mzee wao. Na mimi lile pilau nililila. Nikaongeza. Tena nakumbuka niliomba ukoko, nikaukwangua mwenyewe. Nimecheka mbele ya walimu mpaka machozi. Mwalimu mkuu kainama, mabega yanamtikisika.

Jumamosi, 15 Februari
Kikao cha wazazi. Nikasimama. Nimesema niliyoyasoma. Nimesema sufuria kutoboka si dhambi, ila watoto kusinzia kwa njaa ili wakubwa tusione haya, hilo limeniuma.

Mzee Lubeni akasimama, kofia mkononi. Kasema alishindwa atamwambiaje mtu, na amekuwa akipita njia ya nyuma asikutane na watoto wa shule. Kisha akauliza ni nani hapa hakula lile pilau. Hakuna mkono uliopanda hata mmoja. Watu wakaangua kicheko, mpaka yeye.

Tumekubaliana. Sufuria liende kwa mafundi wa sokoni, gharama juu yake. Muhtasari wa kila kikao ubandikwe ukutani nje. Hilo la pili nimelisema mimi, na nimehakikisha limeandikwa.

Jumatatu, 24 Februari
Nimepeleka sare shuleni. Karatasi iko nje, chini ya upenuo, imegongwa misumari. Nimeisoma yote japo naijua. Mlango wa ofisi wazi, jiwe mahali pake. Nyuma ya madarasa moshi, na sufuria lina kiraka kikubwa kinang'aa.

Shukuru karudi, kavua viatu, kaviweka vizuri. Jikoni hakuingia, kaenda moja kwa moja kucheza. Kiporo nimekila mimi.