Noti za Katikati

Jumatatu, 3 Machi 2025
Cherehani zimeenda. Zote mbili, kwa mama mmoja wa Kendu Bay. Elfu thelathini za Kenya. Sikulia. Mume wangu Kerosi yuko hospitalini Tarime tangu avunjike mguu kwenye shimo la dhahabu. Amepona, lakini hawamwachilii hadi nilipe laki sita — za Tanzania.

Jumanne, 4 Machi
Isebania. Wabadilisha pesa walinizingira: mama njoo, mama bei nzuri. Niliwapita wote. Nikaenda kwa Mzee Elkana, shemasi wetu hapa Migori, mwenye kibanda pale mpakani. Moja ya Kenya kwa ishirini za Tanzania. Alinipa mabunda sita yamefungwa raba. Nikaanza kufungua la kwanza. Akaniuliza, kwa upole, kama hata yeye namhesabia. Niliona aibu. Nikatia zote kwa mfuko.

Jumatano, 5 Machi
Tarime. Binti wa malipo alihesabu mara mbili, akanisukumia mabunda yangu chini ya dirisha. Juu na chini ni elfu kumi kumi. Katikati, elfu mbili mbili — noti ishirini kwa mabunda yote. Laki moja na sitini hazipo.

Kerosi alikuwa ameketi kitandani, amevaa kiatu kimoja alichobaki nacho, tayari kurudi nyumbani. Nilimwambia avue.

Alhamisi, 6 Machi
Nilirudi kwa Elkana. Hakupandisha sauti. Eti tangu juzi mfuko umepita mikono mingapi? Eti ningehesabu mbele yake. Halafu akasema ataniombea. Kuniombea! Nilisimama pale kama mjinga, wateja wengine wananipita.

Jumapili, 9 Machi
Kanisa limekuja kwangu. Niliwaambia tu kwamba pesa zilipungua mpakani. Jina sikutaja — nani angeniamini? Wamechanga elfu tisa za Kenya. Elkana ametoa elfu mbili, wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga.

Sasa Pasta ameamua nisihangaike tena na wezi wa Isebania. Mzee Elkana achukue zote, abadilishe, apeleke Tarime mwenyewe. Wote wakasema amina.

Nimesema naenda kuangalia chai. Naandika hapa jikoni, bahasha ya pesa zote iko chini ya daftari. Chai imeshachemka, nimezima jiko. Pasta ameita: Mama Trizah, mzee anataka kuondoka, leta bahasha.

Ameita tena.

Nimeweka komeo mlangoni. Sasa nasikia viatu vya mtu vinakuja.