Vyeti Tisa Ukutani, na Hata Kimoja Si Changu

Shangazi Lupe, pokea salamu zangu, naomba unisaidie na tafadhali usinitaje jina, maana hapa kisiwani Vava'u ukipiga chafya upande huu wanakuombea afya upande wa pili, nami sina tena uso wa kumtazama mtu.

Nina miaka hamsini na mmoja, ni fundi mkuu wa mitambo katika kituo kidogo cha redio, watu wanatusikiliza kwa matangazo ya misiba na tahadhari za vimbunga, na kazi hii nilifundishwa kwa mikono na mzee aliyenitangulia, darasani sikukaa. Miaka mitatu iliyopita umoja wa mafundi wa redio na televisheni wa nchi za visiwa vya Pasifiki ukatuletea masomo ya kwenye kompyuta, video, vitabu, mazoezi, na mwisho wa kila somo kuna mtihani, ukifaulu unapewa cheti. Kituo kilipewa nafasi ya mtu mmoja, meneja akasema fundi mkuu asome kisha amfundishe msaidizi wake. Nikafungua somo la kwanza, Shangazi, ukurasa wa pili tu hesabu zikanishinda, nikafunga, nikaona haya kumwambia mtu.

Msaidizi wangu ni Kalolaine, mtoto wa dada yangu. Nikamwambia, "Hebu nifanyie huu mtihani, macho yananisumbua." Akanitazama akasema, "Macho, Mjomba, au kava uliyokunywa jana?" Tukacheka, akafanya. Akasoma somo la pili akafanya na mtihani wake, na la tatu, mpaka vyeti vikafika tisa, vyote kwa jina langu, yeye kwa jina lake hana hata kimoja.

Mama yangu amevitia fremu vyote, vimepangwa sebuleni chini ya picha ya marehemu baba, na mgeni hapewi chai kabla hajavisoma. Kanisani mchungaji alitangaza, watu wakapiga makofi, nami nikainuka nikawapungia mkono. Niliwapungia mkono, Shangazi.

Mwezi wa pili upepo wa bahari ulivuma siku tatu, na asubuhi moja katikati ya matangazo ya misiba mtambo ukaanza kushusha nguvu wenyewe, watu wa visiwa vya mbali wasisikie kitu. Mimi naongeza, wenyewe unashusha, naongeza, unashusha, mpaka ukazimika kabisa. Kalolaine akaja mbio, "Acha, Mjomba! Mtambo unajihami, nguvu inafika mnarani inarudi!" Akachukua ndoo ya maji ya mvua na kitambaa, akaenda chini ya mnara akaosha chumvi kwenye kile kigae kikubwa cha kauri kinachoutenga mnara na ardhi. Tukawasha, ukakubali. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Somo la nne, Mjomba. Cheti chake unacho."

Sasa limenifika. Umoja unachukua fundi mmoja kutoka kila nchi kwenda Suva, Fiji, kusoma mwaka mzima, na wanachagua kwa vyeti. Kalolaine aliomba, fomu yake ikaja mezani kwangu niithibitishe kama mkuu wake, nami nilikuwa nimeshaomba pia kwa sababu meneja alinitegemea, basi penye "masomo aliyomaliza" nikaandika "hakuna", nikatia sahihi, na yeye amesimama mlangoni ananiona. Wamenichagua mimi. Tangu siku ile ananiita "Mkuu", haniiti tena Mjomba.

Nasafiri mwisho wa mwezi. Jumamosi ya kabla yake ukoo unanifanyia karamu ya kuniaga, nguruwe wameshachaguliwa, mama anamalizia kusuka mkeka mpya wa kuvaa kiunoni siku hiyo. Nafikiria kusema mgongo umenishika nisiende, mambo yaishe kimyakimya. Je, nitakuwa nimekosea?

Fundi, Vava'u

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikaanza kutafuta kandambili yangu.

Kushindwa na ukurasa wa pili si kosa. Wako wengi waliojifunza kwa mikono kama wewe, wanazijua nati za mtambo wao kwa kuzipapasa, na wakionyeshwa hesabu wanatoka jasho. Ungesema "sijaelewa" siku ile, Kalolaine angekutania wiki moja, kisha angekuelekeza. Badala yake ukasimama kanisani unapunga mkono!

Na huo mgongo wako uache upumzike, hauna kosa. Ukisema unaumwa, nafasi itapotea, kwa sababu kwenye karatasi Kalolaine hana kitu, na aliyeandika hana kitu ni wewe. Wewe utapona siku ya pili, yeye atabaki na ndoo yake.

Tena wewe ni Mtonga mwenzangu, unajua mtoto wa dada yako ni nani kwako. Ni fahu wako. Ana haki ya kuingia nyumbani kwako akachukua nguruwe, akachukua mkeka, akakuvua na shati, nawe ucheke. Wewe ndiye umeingia kwake ukachukua. Hapo ndipo nilipochoka na wewe.

Haya, sikiliza. Kesho asubuhi mwone meneja, umwambie yote, na usianze na habari za macho. Siku hiyohiyo waandikie umoja: mitihani yote tisa aliifanya Kalolaine, fomu niliyotia sahihi ni ya uongo, naomba mumpime yeye mwenyewe mbele ya msimamizi. Andika pia kwamba wewe ndiye uliyemwagiza, ukiwa mkubwa wake kazini, asije akaachwa ajitetee peke yake. Wanaweza kukuvua ukuu. Wanaweza kukufukuza kazi. Sikufichi, na usiniandikie kunilaumu.

Kisha mwambie mama yako, kabla ya watu kumwambia.

Karamu usiifute. Wala usingoje jibu la umoja. Jumamosi hiyo mkalishe Kalolaine mbele, mahali pa fahu. Vishushe vile vyeti ukutani kwa mikono yako, viweke mbele yake pamoja na ule mkeka mpya, useme kwa sauti mpaka walioko nyuma wasikie: "Hivi ni vyako. Nilivichukua." Halafu ukae chini. Usieleze. Mama atalia, mwache alie.

Jumatatu yake fungua somo la kwanza, hata kama huna tena kazi. Ukifika ukurasa wa pili, mtafute Kalolaine, awe Suva au awe jikoni kwa mama yake, umwombe akufundishe. Atakucheka. Mwache acheke mpaka achoke. Na siku atakapokuita tena Mjomba, niandikie, na chini ya barua weka jina lako.

Shangazi Lupe