Milio Miwili Dirishani: Kwa Ndugu Yetu Gibson Mwadime

Mwaka umetimia leo, Gibson, tangu simu ya Mama ikae kimya dirishani na sisi watu wako tukabaki tukiitazama. Mkeo Ndunge alitaka tangazo fupi, picha na mistari mitano kama wanavyofanya wengine. Nimekataa. Unanijua mimi dada yako Elsie, nikishika kalamu ni mpaka wino uishe, na watoto ninaowafundisha hapa Voi wanaweza kukuthibitishia.

Wengi waliokuja kukuzika Werugha walikujua kama fundi tu, yule mwenye gereji nyuma ya stesheni ya Voi, mpole, mguu mmoja mzito, anayefuta mikono mara tatu kabla ya kumsalimu mtu. Hawakujua kwamba kwa miaka kumi na moja mkate wako ulitoka kwenye mbio za magari Uingereza. Uliondoka na miaka kumi na tisa, umepata nafasi ya kusomea umekanika. Ukaanza kwa kufagia karakana ya timu moja ya mbio, ukapandishwa ukawa wa matairi, halafu siku dereva wao wa majaribio alipougua wakakuweka kwenye usukani, na hapo hukutoka tena. Ukachukua uraia wa huko. Magazeti yao yakaanza kuandika habari za dereva Mwingereza Gibson Mwadime. Nilipomsomea Mama, aliniuliza huyo Mwingereza amelitoa wapi jina la baba yetu.

Nieleze kidogo kwa wasiojua. Hizi hazikuwa mbio za kutimua vumbi porini. Yalikuwa magari ya saluni, yana milango na boneti kama haya yanayopita barabara ya Mombasa, ila ndani yameng'olewa kila kitu, kimebaki kiti kimoja na vyuma vya kumkinga dereva. Yanapangwa ishirini na kitu kwenye lami ya kuzunguka, yanagongana bila haya, na Jumapili moja mnakimbia mara tatu. Anayeshinda anaongezewa vyuma vizito garini mbio inayofuata ili wenzake wapate kumfikia. Sheria hiyo Mama aliipenda. Alisema hata Werugha ni hivyo hivyo, anayebeba kabichi bila kulalamika ndiye anayetwikwa gunia la pili.

Lakini kutazama hakutaka. Nilimletea video kwa simu siku moja, akaona kona moja tu, akanirudishia simu yangu na kwenda kukamua ng'ombe saa nane mchana, ng'ombe ambaye hukamuliwa saa kumi. Wiki hiyo hiyo mkafanya makubaliano yenu. Kila mbio ikiisha, utamflashia. Simu ilie mara mbili, ukate. Maana yake ilikuwa moja, kwamba umetoka garini kwa miguu yako mwenyewe. Habari za nani ameshinda na nani amekuwa wa mwisho zingekuja baadaye. Sisi tusipokee, wala tusikupigie, kwa sababu simu ilikaa na fundi wako mkuu na yeye alikuwa na kazi zake.

Ndiyo maana Jumapili za mbio nilikuwa napanda kutoka Voi hadi kwa Mama, nikidai nimefuata maziwa. Simu iliwekwa dirishani, maana ndani ya nyumba yetu netiweki haifiki, na Mama aliketi mkabala nayo kwenye kile kiti cha mbao, mikono mapajani. Flash tatu, na kati ya moja na nyingine hakuna aliyekula. Hatukuambizana tusile, chakula tu kilikuwa hakishuki.

Sasa ile Jumapili. Ulikuwa msimu wako wa mwisho, ila nani alijua? Flash ya kwanza ilikuja vizuri, moja, mbili, kimya. Mama akavuta pumzi. Ya pili tuliingoja saa tisa, haikuja. Saa tisa na nusu, hakuna. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, nami nikasingizia ukungu. Saa kumi ikapita. Mimi nilikuwa nimeshapanga vikombe na kuvipangua mara nne. Ilipofika kama saa kumi na robo simu ikalia. Moja, mbili, tatu, nne. Nikanyanyua mkono niichukue, ikakatika.

Nilipiga makofi, Gibson. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaingia jikoni kupakua wali uliokuwa umeshapoa. Niliporudi na sahani, Mama alikuwa hajasogea.

"Huyo si Gibson," akasema.

Nikakasirika. Nikamwambia kidole chako kimeteleza, au ulikuwa unasemeshwa na mtu, au ni mitambo ya simu ya huko. Nikamwambia flash ni flash, kwa nini anatafuta msiba penye heri. Nilimsemesha Mama kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake tangu nizaliwe, na sababu yake ni moja tu. Na mimi nilikuwa nimehesabu.

Akaniambia nikupigie. Tukavunja makubaliano. Akapokea fundi wako mkuu, yule mzee wa Kiingereza uliyekuwa ukimsifu kwamba husikia ugonjwa wa injini kwa kuweka kiganja tu. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha darasani, ndugu yangu yuko wapi. Akasema uko salama, umechoka kidogo. Nikamwambia basi nipe niongee naye. Hapo mtu mzima yule akaanza kulia, namsikia, na Mama ananitazama usoni anasoma kila kitu.

Magari mawili yalikuparamia kwenye kona ya mwisho. Walikata paa ili wakutoe. Mguu ulikuwa umevunjika mara mbili na nyonga imepasuka, na saa ile ile tuliyokuwa tunaongea ulikuwa chini ya kisu. Flash ilikuwa yake. Akasema ulikuwa umemwachia karatasi zamani, umeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, kwamba ukishindwa yeye apige namba hii, aache ilie, akate. Mtu makini kama wewe, uliyekuwa ukiutembea uwanja mzima kwa miguu jioni ya kuamkia mbio ukihesabu nyufa za lami, ukasahau kuandika milio ni mingapi.

Siku ya tatu ndipo ulipoweza kusema. Nilimshikia Mama simu sikioni. Ukaomba msamaha, ukamweleza ulihofia presha yake, hukutaka akae akiteseka mbali namna ile. Alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha akakujibu taratibu, kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo nayaandika hapa kwa Kiswahili ili kila mtu ayasikie.

"Mwanangu, siku ambayo hujafika, niachie kimya. Kimya nitakibeba. Huo uongo wa simu ndio utakaoniua."

Ukaapa. Na kabla mwaka haujaisha ukarudi nyumbani, unachechemea, una sanduku moja la nguo na matatu ya spana.

Ulivyoendesha gari hapa nyumbani ulituchekesha wote. Dereva wa mbio, mwenye vikombe kabatini, bodaboda zenye kuku zinakupita! Binti yako Shanice alikuwa akiinama kwenye kiti ili wenzake wa shule wasimwone. Gari la mteja likikwama njia ya Kishushe, uliteremka kwanza, ukaitembea ile sehemu mbaya mita mia mbili na mguu wako unauvuta, ndipo ukarudi kwenye usukani. Madereva wa malori walikupigia honi na kukucheka. Baada ya mvua mbili tatu nao wakaanza kuteremka.

Na popote ulipofika, hata ukienda Rukanga tu na kurudi, Mama huku Werugha alisikia milio miwili dirishani, akaendelea kupalilia. Hukukosa hata mara moja. Ndunge alisema ameolewa na mtu mwenye wake wawili na mke mkubwa ni ile simu.

Halafu ikaja siku yenyewe, mwaka jana siku kama ya leo. Lori la wachimba madini lilikuwa limevunjika giaboksi huko Kishushe, ukaenda kulivuta pamoja na Titus Kiema, fundi mwenzako. Ulimwambia Mama asubuhi kwamba saa tisa utakuwa Voi. Mimi nilikuwa kwake kwa likizo ya Aprili. Saa tisa ikafika, Mama akaja kuketi. Nikamwambia Kishushe hakuna netiweki. Saa kumi nikamwambia tena. Mara ya tatu akanijibu kwamba mkishafika lami netiweki ipo, na kwamba kutoka Kishushe hadi lami hata kwa mwendo wako wa kobe mngekuwa mmefika.

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, karibu na zizi, nikakupigia. Iliita. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita tena. Kwa hiyo simu ilikuwa na netiweki, Gibson, na wewe huipokei. Nikashika ukuta wa zizi. Kisha nikarudi ndani nikamwambia Mama kwamba nimekupigia, na sauti ya simu inasema mteja hapatikani. Naliandika hili mbele ya watu kwa sababu limenikaa kooni mwaka mzima. Yale aliyokukataza wewe, mimi niliyafanya, tena macho kwa macho. Mama akaitikia kwa kichwa na kuendelea kutazama dirisha.

Titus alitusimulia baadaye. Mlikuwa mmemaliza kulifunga lori minyororo, ukasema kifua kinabana, ukaingia kwenye gari lako kupumzika. Lilikuwa limesimama, handbreki umeivuta. Alipokuja kukuita, hukuitika. Moyo, daktari alisema, tena wa muda mrefu, na wewe hukumwambia mtu. Magari yale yote, kasi ile yote, ukaja kututoka gari likiwa limezimwa.

Alikuleta hadi hospitalini Voi na simu yako ikiwa mfukoni mwa shati lake. Ilipolia aliona jina langu, na alijua niko kwa Mama. Nilimlaumu mwezi mzima, hata salamu yake nikawa naiitikia nusu, kwa nini hakupokea. Lakini ulikuwa umemwonya tangu siku ya kwanza gerejini, kwamba kwa Mama yako hakuna mtu wa kukupigia wala kukusemea kwa simu. Titus nisamehe, nimelielewa. Wewe ulichagua kupanda mlima hadi Werugha utuambie mwenyewe.

Jua lilikuwa halijazama tulipomwona akija kwa njia ya matuta ya viazi, peke yake, kofia mkononi. Mama akainuka kabla hajapiga hodi. Titus akasimama mlangoni. Mama akamshika bega.

"Amenitunzia ahadi yangu," akasema.

Basi. Hakupiga kelele. Alimketisha Titus kwenye kile kiti cha mbao, akampa maziwa, kwa sababu alimtazama tu akajua hajala tangu asubuhi. Akageuza simu, kioo kikatazama chini. Ndipo mimi nikalia.

Mwaka huu umekuwa mrefu, ndugu yangu. Gereji ipo, Titus anaiendesha, na karatasi ulizokuwa ukiandika vipimo vya matairi hataki ziguswe. Shanice ameanza kujifunza gari, na juzi aliteremka kuitembea njia ya shimo kabla ya kuipita. Alidhani hakuna anayemwona.

Ndunge hajaizima simu yako. Kila Jumamosi anaichaji. Nilimgombeza, nikamwambia anajichubua kidonda, akaningoja nitulie, ndipo akanionyesha. Kila Jumapili, saa saba kasoro, simu yako inalia pale Voi juu ya kabati. Mara mbili, inakatika. Ni Mama. Anatoka kanisani, anapanda kile kilima cha kurudi nyumbani na magoti yake yale, akifika anakwambia amefika. Hakumwambia yeyote kati yetu.

Wiki iliyopita nilijipa moyo, nikamwambia Mama kuhusu uongo wangu wa zizini. Hakukasirika. Alisema alijua siku ile ile, maana nilikaa huko nyuma muda mrefu mno kwa simu isiyopatikana. Akasema pia kwamba alininyamazia kwa sababu aliona mimi ndiye nisiyeweza kukibeba kile kimya.

Tunaokulilia na kukupenda ni Mama yako Mkawasi, mkeo Ndunge, binti yako Shanice, mimi dada yako Elsie, kaka yetu Morris na familia yake kule Rukanga, Titus Kiema na mafundi wote wa gereji, pamoja na yule mzee wa Uingereza, ambaye ameandika barua kuuliza kama bado anaruhusiwa kuwa na namba ya Mama. Mama amesema anaruhusiwa, na tumwandikie milio ni mingapi.

Muda wote tutakaopewa, Gibson, wewe hutatutoka moyoni. Leo tutakutana kaburini kwako Werugha, tutaomba, tutakula, kisha kila mtu atashika njia yake kabla ya giza, wa Voi Voi na wa Rukanga Rukanga. Kwa hiyo jioni simu yako italia sana. Usishtuke. Ni sisi, kila mmoja milio miwili, tumefika.

Usipokee.